Kidole cha Wifi

Tangazo lilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Wanawake wa zamu walilipita kama walivyozoea kuyapita matangazo yote, huku wakifunga aproni na kusimuliana mambo ya mwisho wa wiki. Mmoja tu alisimama. Alilisoma mara tatu, kisha akaingia kazini na viatu vya nje miguuni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aajiriwe.

Kiwanda kile kilifua mashuka ya hospitali mbili na hoteli saba, na mwezi ule kilikuwa kimeuzwa. Tangazo lilisema kwamba mbele ya mwenye mali mpya kila mtu ni mwajiriwa mpya, hata aliyezeekea pale. Kila mmoja aende kwa karani wa ajira kabla ya Ijumaa jioni na kitambulisho chenyewe, si nakala, aweke kidole gumba kwenye mashine, ihakikishwe kwamba ana haki ya kufanya kazi katika nchi hii. Asiyehakikiwa, Jumatatu ijayo asijisumbue kufika getini.

Mwanamke aliyesimama kulisoma walimwita Pasi. Jina hilo alipewa na wenzake mwaka wake wa kwanza, kwa jinsi alivyoweza kulilisha shuka kwenye mitambo ya kupigia pasi bila kuacha hata mkunjo mmoja, huku mwenzake wa upande wa pili akihema. Makoti ya madaktari yalikuwa yake peke yake. Msimamizi hakumruhusu mtu mwingine kugusa kola zile. Jina hilo la utani alilipenda kuliko walivyodhani, maana lile lililoandikwa kwenye karatasi za mshahara halikuwa lake. Lilikuwa la wifi yake.

Siku ile alifanya kazi kama kawaida. Mwenzake alimuuliza kama anaumwa, akajibu kuwa ni joto tu. Wakati wa chakula wanawake walitaniana juu ya ile mashine ya vidole. Mmoja alisema vidole vyake vimeliwa na dawa ya kufulia, mashine itamwona ni mzimu. Wote wakaangua kicheko, na Pasi akacheka nao.

*

Nyumbani alimkuta wifi yake ameketi kwenye kiti cha mlangoni, bado amevaa gauni lake la kutokea. Dada huyu wa mumewe alikuwa amekaa kwao miezi minne sasa, tangu mume wake alipoingiza mwanamke mwingine ndani ya nyumba na kumwambia yeye achague chumba cha nyuma au barabara. Alichagua barabara. Alifika na sanduku moja, akapewa kitanda kimoja na binti wa nyumba aliyekuwa darasa la saba, na tangu siku hiyo aliosha vyombo kabla hajaambiwa na kula kidogo kuliko njaa yake.

Asubuhi ile wifi alikuwa ameitwa kwenye shule moja iliyotafuta mpishi. Alihojiwa vizuri, akaonjesha mkono wake jikoni, mwalimu mkuu akasifu. Zikabaki karatasi. Karani wa shule aliingiza namba ya kitambulisho chake kwenye kompyuta, akaitazama, akamtazama na yeye. Akamwambia kwamba anaonekana ameajiriwa kiwanda cha kufulia, mwaka wa tisa huu, na michango yake ya uzeeni inaingia kila mwezi. Akamuuliza kama ametoroka kazi, au anataka kula mishahara miwili. Wifi alicheka kwanza, akidhani ni utani. Kisha akakumbuka, na kicheko kikamkauka mdomoni. Kabla ya saa sita kazi ile ilikuwa imepewa mwanamke mwingine.

"Nilikuwa nimeshasahau," alimwambia Pasi. "Wallahi, wifi, nilishasahau kabisa kwamba niliwaachia lile jina."

Pasi aliweka chini mfuko wake, akaketi kwenye kizingiti. Akamweleza habari ya tangazo. Wanawake wale wawili wakawa kama watu walioshika shuka moja, kila mmoja pembe yake, na sasa kila mmoja amegundua kwamba haliwatoshi.

Habari ya kuazimana jina haikuwa na siri kubwa. Pasi alizaliwa ng'ambo ya mpaka. Mama yake alimvusha mgongoni akiwa wa miezi minane, mwaka ambao watu wengi walivuka, na wala hakurudi. Kule hakuwa na ndugu aliyemjua. Lugha aliyoota ndoto kwayo ilikuwa hii hii, na wimbo wa taifa alioujua ulikuwa wa hapa. Ila karatasi hakuwa nayo. Binti yao alipokuwa wa miaka minne, mumewe, fundi baiskeli mwenye kibanda chake pembeni mwa soko, alimwomba dada yake kitambulisho. Dada alikuwa ameolewa mbali, na mume aliyekuwa akisema mke wake hatamfulia mtu mwingine nguo maadamu yu hai. Kitambulisho kilikuwa kimelala sandukuni. "Kichukueni," alisema. "Mimi hapa kinanifaa nini?" Kiwandani walitazama nakala iliyofifia, wakaona uso wa mwanamke, ikawa imekwisha; kitambulisho chenyewe kikarudi kwa dada.

*

Jumatano mume na mke walikwenda ofisi ya uhamiaji. Fundi alivaa shati alilofungia ndoa. Walikaa kwenye benchi tangu saa mbili hadi saa sita na nusu, na kila mara mlango ulipofunguliwa walinyanyuka nusu, wakaketi tena. Hatimaye waliitwa mbele ya mama mmoja wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Hakuwa mkali. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo Pasi hakulitegemea, kisha akaanza kuuliza. Umeishi hapa tangu lini. Watoto wangapi. Ndoa ya mwaka gani.

"Na miaka yote hii umekuwa ukifanya kazi gani?"

Fundi alikohoa. Walikuwa wameshakubaliana njiani, maana kukiri kazi ni kukiri jina, na kukiri jina ni kesi kwa wanawake wawili.

"Mama wa nyumbani," alisema Pasi.

Yule mama akatazama mikono iliyokuwa imelala juu ya meza, yenye makovu ya mvuke kuanzia vifundo hadi viwiko, mengine ya zamani yameng'aa, moja bichi. Aliitazama kwa muda. Kisha akaandika kwa mwandiko mzuri: mama wa nyumbani.

Akaeleza utaratibu. Kibali cha kuishi kama mke wa raia huchukua miezi tisa, kikienda haraka. Kibali cha kufanya kazi kinahitaji barua ya mwajiri anayemtaka. Fundi akauliza mwajiri gani atakayemtaka mtu asiye na kibali, wakati sheria inamtaka aone kibali kwanza. Yule mama akavaa miwani, akavua. Alisema swali hilo huulizwa mara nyingi. Halafu, kwa namna ya mtu anayetaka kusaidia, akawauliza kwa nini walichelewa. Hadi miaka miwili iliyopita, mke wa raia aliyetimiza miaka mitatu ya ndoa alijaza fomu moja tu na kuapa mbele ya hakimu. Angeshapata uraia kamili. Sheria imebadilika, na fomu ile haipo tena.

Fundi akainamisha kichwa, akavitazama viatu vyake.

Walipotoka nje walishika njia ya sokoni. Pasi alikuwa akihesabu moyoni. Mwaka wa nne wa ndoa alimwambia mumewe waende. Mume akasema ngoja msimu wa kazi upite. Mwaka wa tano alisema ofisi zile zina foleni. Mwaka wa sita alisema, si una kazi, si unalipwa, haraka ya nini? Kila mwaka alisema mwakani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye mlango wa ofisi ulimtisha kuliko gari lililokatika breki, na yeye Pasi, mwenye shida, alikubali kungoja kwa sababu mshahara ulikuwa ukija.

"Sema kitu," fundi alimwambia walipofika karibu na soko.

"Ilikuwa fomu moja," alisema. Fundi aligeukia kibandani kwake bila kuaga, na jioni ile aliwatengenezea watu baiskeli mpaka giza likaingia asiuone tena mnyororo.

*

Alhamisi baada ya chakula, binti alipokwenda kusoma kwa jirani, waliketi watatu. Fundi ndiye aliyeanza, na alikuwa amelifikiria jambo lake vizuri. Dada aende kesho na kitambulisho, aweke kidole, mashine iridhike. Jumatatu Pasi aende kazini kama kawaida. Kidole kinatakiwa siku moja tu. Getini hakuna mashine. Mshahara wataugawana wote, hakuna atakayelala njaa.

Wifi alisikiliza huku akikunja na kukunjua pindo la kanga yake. Alikuwa mkubwa kwa fundi kwa miaka sita, ndiye aliyembeba mgongoni mama yao alipokuwa shambani, na haikuwa kawaida yake kumpinga. Safari hii aliliachia lile pindo.

"Mnataka kidole changu," alisema. "Mimi mwenyewe hamnitaki."

Fundi akasema si hivyo, dada.

"Ni hivyo. Nikishatoa kidole, mimi nitaajiriwa wapi? Kila nitakapokwenda wataniambia wewe una kazi, rudi kwenye kazi yako. Nina miaka arobaini na minne, ndugu yangu. Nimekaa kwenye nyumba ya mtu miaka ishirini, nimetoka na sanduku. Kitu pekee ambacho yule bwana hakunichukulia ni jina langu, na hilo nilikuwa nimewapa ninyi." Akamgeukia Pasi. "Sikulaumu, wifi. Umelitunza vizuri. Karani wa shule alisema hakuna hata mwezi mmoja niliokosa mchango."

Pasi alitaka kukasirika. Aliitafuta hasira hiyo, na angeipata ingekuwa nafuu kwake, lakini kila alipoinyoosha kama kidole ilikuwa inamwelekea mtu mwingine: mume, mama yake aliyemvusha bila cheti, yeye mwenyewe. Mwanamke aliyekuwa mbele yake alikuwa akidai kilicho chake. Fundi alikuwa bado anapiga hesabu kwa sauti, akiomba, akiahidi. Pasi akanyanyuka, akachukua shati la shule la bintiye kutoka kwenye kamba, akalitandaza mezani juu ya blanketi, akapuliza makaa ya pasi.

"Njoo, wifi," alisema. "Kola inaanzwa nyuma. Ukianza mbele inajikunja na kuacha mdomo. Msimamizi atakutazama hapo kwanza."

Walipiga pasi shati lile moja mara saba, wakililoanisha na kuanza upya, mpaka binti aliporudi na kuuliza kuna nini.

*

Karani wa ajira alikuwa mtu wa taratibu, aliyepanga kalamu zake kwa urefu. Kila asubuhi kwa miaka yote ile alimsalimu Pasi alipopita dirishani kwake, naye Pasi kila mwezi wa mitihani alimpigia pasi mashati ya watoto wake wa chuo bila kudai kitu. Ijumaa aliwaona wanawake wawili wakiingia, akatabasamu kumwelekea yule anayemjua. Yule mwingine ndiye aliyekaa kitini na kuweka kitambulisho mezani.

Tabasamu la karani lilibaki usoni kwa kitambo, kama kitu kilichosahauliwa. Alichukua kitambulisho, akafungua faili. Wifi aliweka kidole kwenye kile kimashine na taa ya kijani ikawaka mara moja, bila kusita. Sheria ilikuwa imeridhika. Mwenye haki ya kufanya kazi alikuwa amepatikana.

"Umefanya kazi hapa miaka tisa," karani alisema polepole, akisoma. "Ulianzia idara gani?"

Wifi akageuza shingo kumtafuta Pasi, aliyekuwa amesimama karibu na mlango.

"Kukunja taulo," alisema Pasi.

"Kukunja taulo," alisema wifi.

Karani aliinamisha kichwa juu ya faili. Kutoka upande wa pili wa ukuta mitambo ilikuwa ikinguruma, na harufu ya wanga na dawa ilipenya chini ya mlango. Angeweza kunyanyua simu. Faini ya kumwajiri mtu asiye na haki ilikuwa imeandikwa kwa wino mwekundu ukutani nyuma yake, na chini yake miaka ya kifungo. Alichukua muhuri, akaupuliza, akagonga. Alimwambia wifi aende stoo akachukue aproni, Jumatatu saa kumi na mbili na nusu, asichelewe.

Wifi alipotoka, Pasi alibaki. Alimwomba jambo moja: barua. Mistari miwili tu inayosema kwamba amefanya kazi na anaijua, ili aonyeshe kwingine.

"Barua ya nani?" karani aliuliza. Hakuuliza kwa kejeli. Alikuwa ameshika kalamu kabisa. "Niandike jina gani?"

Pasi akaitazama ncha ya kalamu.

"Sikiliza, mama. Mimi sikukuona hapa. Si leo, si jana, si mwaka wowote. Huo ndio msaada nilio nao." Akairudisha kalamu mahali pake. "Aproni yako utaniachia, ina namba."

Pasi alitoa aproni aliyokuwa amekuja nayo mfukoni, aliyoifua na kuinyoosha usiku uliopita, akaiweka mezani. Alipopita getini mlinzi alimtania kwamba leo ametoroka mapema. Akamwambia ndiyo, leo nimetoroka.

*

Wifi hakuwa na bahati na mitambo. Siku ya pili ilimla mkono, siku ya nne akaunguza koti la daktari mkuu. Msimamizi aliyekuwa hajaambiwa chochote lakini ana macho, alimpa jina: Pasi Baridi. Wanawake walicheka, kisha wakaacha kucheka, maana kila mmoja alijua aliyeondoka ni nani na hakuna aliyethubutu kuuliza ameondokaje. Wifi alirudi nyumbani jioni akiwa amevimba macho. Pasi alimpaka maji ya chumvi kwenye mkono, akamwonyesha tena namna ya kulishika shuka, kwa vidole, si kwa kiganja, ili mvuke upite. Kufika mwisho wa mwezi wifi alikuwa amelimudu. Hakuwa hodari, lakini hakuwa wa kufukuzwa.

Siku ya mshahara alimnunulia binti viatu, akampa kaka yake pesa ya spoki za baiskeli, na akamkabidhi Pasi bahasha ya matumizi. Ilikuwa zaidi ya nusu ya mshahara. Alimpa kwa mikono miwili, akiangalia chini, na Pasi akapokea kwa mikono miwili. Baada ya hapo ikawa kila sabuni ikiisha anamwomba wifi. Wifi alitoa bila kuuliza, hata mara moja hakuuliza, na hilo lilimuuma Pasi kuliko kama angeulizwa. Fundi alipeleka fomu za kibali cha kuishi. Mara hii alikwenda mwenyewe, akasimama foleni siku tatu. Mkewe alimshukuru kama anavyoshukuriwa jirani.

Mwezi wa pili Pasi alianza kupita kwenye nyumba zenye mageti akiuliza kama kuna nguo za kupiga pasi. Nyumba ya kwanza walimtaka kitambulisho. Ya pili pia; mlinzi alimwonea huruma, akamweleza kwamba siku hizi hata mwenye nyumba hutozwa faini. Ya sita, mama mwenye nyumba alikuwa na wageni kesho yake na kikapu cha nguo kilichofurika. Alimwingiza kwa mlango wa jikoni.

"Una karatasi?"

"Zinashughulikiwa, mama."

Mama yule akavuta pumzi. Akamuuliza amewahi kufanya kazi hii wapi. Pasi alikiona kiwanda chote mbele yake, mitambo, mvuke, makoti meupe yaliyopangwa kwenye reli kama watu wasio na vichwa. Angefungua mdomo tu, simu moja ingepigwa, na wifi angetolewa kiwandani na polisi.

"Sijawahi," alisema. "Nafanya nyumbani tu."

"Unaitwa nani?"

Akalitaja jina lake, lile alilopewa na mama yake. Lilikuwa na miaka tisa halijatamkwa mahali pa kazi, likatoka kwa sauti ndogo. Mama mwenye nyumba akasema, nani? Kisha akapunga mkono kwamba basi, atamwita dada, ni rahisi zaidi. Akamwachia shati moja la mume wake la kujaribia.

Pasi alianza na kola, kwa nyuma. Alifanya mabega, akafanya mikono, akapitisha ncha ya pasi katikati ya vifungo bila kugusa hata kimoja, akalikunja shati likawa kama limetoka dukani ndani ya sanduku lake. Mama yule, aliyekuwa amesimama kumchunga asije akaunguza, alilichukua shati, akaligeuza mbele na nyuma.

"Kwa mtu ambaye hajawahi, unashika haraka," alisema. "Ila sitakulipa kama fundi, dada yangu, nisikudanganye. Tutaanza na malipo ya mwanafunzi, miezi sita hivi, halafu nitakuangalia."

Pasi akasema sawa, akavuta kikapu karibu, akachukua shati la pili.